Nilipokuwa Masikio ya Papa

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, na ukae upande wangu wa kulia. Ukikaa kushoto nitakubali kila utakalosema bila kulisikia. Mwaka uliopita nilikubali hivyo hivyo kupika kwenye harusi ya watu nisiowajua, na siku ilipofika nikapika, maana ningeanza wapi kueleza?

Hapa Beu, katika mji wa Beni, jirani yetu ameweka mashini ya kusaga unga. Asubuhi anazungusha mkono wa chuma, mashini inakohoa mara tatu, inatoa moshi mweusi, halafu inashika. Harufu ya mazutu, yaani dizeli, ndiyo inayofika kwanza, kisha ya unga wa muhogo, ile harufu yenye uchachu kidogo inayokaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Mimi nafunga dirisha. Watoto wangu wanadhani nachukia vumbi. Sijawahi kuwaeleza vizuri, kwa hiyo nakueleza wewe kwanza, na labda nikishamaliza kwako nitaweza na kwao.

Mimi nilizaliwa Butembo, huko juu kwenye baridi, ambako ukungu unakaa juu ya vilima mpaka saa nne za asubuhi. Ukungu huo una sehemu yake katika habari hii. Muhogo hautaki ukungu. Ukiuanika Beni, siku mbili tatu umekauka hadi unavunjika mkononi. Ukiuanika Butembo, unakauka nje na ndani unabaki na maji yake. Mama zetu waliuanika juu ya mabati, juu ya mawe, juu ya jiko, popote, na bado walifika kwenye mashini na muhogo ambao ungeapa kwamba umekauka mpaka uuume.

Papa, baba yangu, alikuwa mtu wa mashini. Mashini haikuwa yake, ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja aliyekaa zaidi safarini kuliko nyumbani, na sisi tulimwita mwenye mashini, basi. Nyumba ya mashini ilikuwa ya mbao, na mabati juu, na upana wake haukuzidi chumba chetu cha kulala. Sauti haikuwa na pa kutokea. Ilipiga mabati, ikarudi kwenye mbao, ikarudi tena kwenye mabati, na wewe ukiwa katikati uliisikia kifuani na kwenye meno. Hakuna aliyezungumza humo ndani. Akina mama walionyesha kidole kimoja kama wanataka unga wa kawaida, viwili kama wanataka laini kabisa, na Papa aliitikia kwa nyusi.

Sasa nikueleze jinsi alivyofanya kazi, maana ukilikosa hili hutaelewa mengine. Papa hakusaga kwa macho. Ndani ya mashini huoni kitu, ni chuma kimefungwa. Alisaga kwa masikio. Muhogo mkavu ukiingia, mashini ilitoa mlio wa changarawe zinazomwagwa. Muhogo wenye maji ukiingia, mlio ulipungua ukawa mzito, kama mtu anayetafuna huku mdomo umejaa. Hapo chujio linaziba, mashini inapata joto, na mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu unaanza kulia. Kilio cha mkanda ni chembamba sana. Kinakuja juu ya ngurumo yote ile, wii, na ukikisikia una muda wa kuvuta pumzi mara tano hivi kuzima mashini kabla mkanda haujakatika. Na mkanda ulitoka Uganda, ukapitia mpaka wa Kasindi, kwa barabara ambayo miaka ile ya vita ilifungwa na kufunguliwa na watu ambao hatukuwafahamu na hatukuwauliza. Mkanda ukikatika, mtaa mzima ungekula viazi kwa wiki nzima, pengine mbili.

Kwa hiyo watu walimheshimu Papa kwa masikio yake. Jirani yetu Mama Kavugho, ambaye alikuwa na desturi ya kuweka muhogo mkavu juu ya beseni na ule wa maji chini, alijaribu mara nyingi kumpita. Papa alimwacha amimine, akainamisha kichwa, akainua mkono, akazima. Siku moja Mama Kavugho alimwambia mbele ya mstari wote: "Papa Masika, weye unasikiaka hata mambo yenye batu banafikiri." Wote wakacheka, na Papa akamrudishia beseni lake kwa adabu kubwa. Masika ni mimi, binti wake wa kwanza.

Kulikuwa na neno ambalo watu wa mashini walilipenda. Kuzoea. Mtu akianza kazi ile, jioni ya kwanza anarudi nyumbani masikio yanapiga filimbi, na watu wakisema naye anawasikia kwa mbali, kana kwamba wamefunikwa na blanketi. Asubuhi imepita. Jioni inarudi. Wiki zinakwenda, filimbi haimsumbui tena, na mashini yenyewe inaonekana imepunguza kelele. Hapo wenzake wanamwambia amezoea, na wanamwambia kwa sifa, jinsi unavyomwambia mtoto aliyejua kuogelea. Papa alikuwa amezoea kabla mimi sijazaliwa. Alijivunia hilo. Wageni walioingia na vidole masikioni aliwatazama kwa huruma.

Nyumbani tulijua kwamba Papa anasema kwa sauti kubwa, lakini tulidhani ndivyo papa wote wanavyosema. Jioni aliomba kabla ya chakula, na sisi ni watu wa kanisa, maombi yetu si mafupi. Aliombea wagonjwa, barabara, walimu wasiolipwa, na mara moja aliombea binti wa jirani aliyekuwa na mimba ambayo wazazi wake walikuwa hawajaitangaza. Alidhani ananong'ona. Alipomaliza, kutoka upande wa pili wa ukuta tulisikia Mama Kavugho akisema "Amina", taratibu, kwa heshima zote. Mama aliuweka uso wake ndani ya kitenge akacheka mpaka machozi yakatoka. Papa alituuliza kuna nini.

Masikio yake yalianza kwa kupoteza sauti nyembamba. Kwanza nyenje, kisha sufuria inayochemka, kisha sisi watoto. Wazee wa kanisa wenye sauti nzito aliwasikia vizuri kabisa. Mama akimwita kutoka jikoni, hapana. Njiani mama fulani angemsalimu, "Wavukire", na yeye akapita, na jioni habari ingetufikia kwamba Papa Masika amekuwa mkubwa, hasalimiake tena batu. Katika kwaya alikuwa besi. Alianza kuingia nyuma ya wenzake, kisha mbele yao, na Jumapili moja kiongozi wa kwaya alimwomba kwa upole apumzike kidogo kwenye benchi. Papa aliketi na kitabu chake cha nyimbo kimefunguliwa mpaka ibada ikaisha. Mimi nilidhani amechoka.

Halafu akakosa muhogo wa maji. Hakuusikia. Mkanda ukalia, nasi tuliokuwa nje tukausikia, mpaka ukakatika na kupiga ukuta, na mtaa ukala viazi. Mwenye mashini alirudi kutoka safari, akatazama, akasema ikitokea tena atatafuta mtu mwingine. Hakusema kwa hasira. Alisema akiwa ameshika kipande cha mkanda, na nadhani hilo lilimuumiza Papa kuliko hasira.

Mama ndiye aliyempeleka kwenye kituo cha afya, na mimi nikafuata. Muuguzi tuliyemwita Dokta alikuwa mtu wa Kisangani, aliyetumwa kwetu na serikali kabla ya vita, kisha barabara zikafungwa akabaki, hana mshahara na hana njia ya kurudi. Alitazama ndani ya masikio ya Papa kwa tochi. Alisimama nyuma yake akapiga vidole, upande huu na upande huu. Kisha akaketi, akatueleza bila haraka. Alisema ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana, vidogo hata huwezi kuviona, na kila sauti inaviinamisha jinsi upepo unavyoinamisha majani. Sauti ndogo inaviinamisha, vinainuka. Sauti kubwa, kila siku, kila siku, inavilaza, na vikilala hivyo havioti vingine. Mama alisema lakini Papa alikwisha kuzoea zamani.

"Mama, sikio hapana zoea," Dokta akasema. "Sikio inakufa. Na sababu inakufa, haimusumbue tena."

Papa alikuwa anatazama midomo yetu, mmoja baada ya mwingine. Akamuuliza Mama amesema nini. Mama akamwinamia sikioni, akapaza sauti kwa Kinande chetu, na akamwambia: "Anasema upumzike."

Nimewaza sana juu ya tafsiri ile. Sikumlaumu Mama wakati huo na simlaumu leo. Chumba kilijaa watu, na kuna maneno ambayo huwezi kumpigia mume wako kelele mbele za watu.

Dokta aliendelea kusema yaliyowezekana. Bomba la moshi litolewe nje ya ukuta, lielekezwe mbali. Papa atoke nje kila beseni chache, akae mahali penye utulivu. Na avae vifuniko vya masikio, vile wanavyovaa watu wa uwanja wa ndege. Pamba peke yake, alisema, ni kidogo sana. Akaandika jina la vifuniko kwenye karatasi. Tuliikunja karatasi ile vizuri. Hapakuwa na mtu Butembo aliyekuwa na vitu hivyo, na njia ambayo vingepitia ilikuwa ile ile ya mkanda. Kisha Papa akauliza swali ambalo Dokta hakuweza kulijibu: akiziba masikio, nani atausikia mkanda?

Jibu lilipatikana nyumbani, na Dokta hakuulizwa. Hakuna aliyelitoa kama amri. Shule yetu ilikuwa imefungwa kwa sababu walimu wawili walikimbia na wa tatu alikuwa analima ili ale. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa namsikia hata paka akitembea juu ya bati la jirani. Mama alinitazama, Papa alimtazama Mama, na kesho yake nikavaa kitambaa kichwani nikaenda naye.

Nilisimama kushoto kwake. Hapo mkono wangu wa kulia uliufikia mkono wake, na sikio langu la kushoto lilikuwa upande wa mkanda wa mashini. Tulikubaliana ishara: nikimgusa mara moja, muhogo una maji, mara mbili, mkanda unalia, zima. Siku ya tatu nilimkamata Mama Kavugho. Nilimgusa Papa mara moja, akazima, akachota konzi moja kutoka chini ya beseni, na muhogo ulikuwa umelowa. Mama Kavugho alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Masika," akasema, "weye ni mutoto ao ni polisi?" Mstari ukacheka, na mimi nikasikia kicheko hicho kikiingia ndani yangu kama chakula cha moto.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Papa alikuwa amerudi. Watu walisema amepona. Mwenye mashini alipita, akatazama mkanda mzima, akarudi safarini. Na mimi peke yangu nilijua kwamba masikio yaliyopona ni yangu. Jioni yalipiga filimbi. Nilimwambia Mama kwamba kuna kitu kinapiga filimbi mule ndani, naye akaniweka karibu na moto, akanipaka mafuta nyuma ya sikio, akaniambia nitazoea, hata Papa alizoea. Na kweli nilizoea. Siku niliyogundua kwamba filimbi hainiamshi tena, nilikwenda kumwambia kwa majivuno.

Papa alikuwa na tabia moja. Kati ya beseni na beseni, mikono yake ikiwa mitupu, aliweka kiganja chake juu ya sikio langu la kushoto na kukibana hapo. Kiganja kikubwa, kilichojaa unga. Mashini ilikwenda mbali mara moja, kana kwamba mtu ameibeba kuipeleka mtaa wa pili. Nilikiondoa kila mara. Nilimwonyesha mkanda kwa kidole: sitausikia. Alitikisa kichwa akakirudisha, nami nikakiondoa tena, mpaka beseni jingine likaja akahitaji mikono yote miwili.

Siku ninayotaka kukueleza ilikuwa ya soko. Mji ulikuwa katika kipindi cha kupita mkononi mwa huyu na yule. Kundi moja la wenye silaha lilikuwa linaondoka na jingine linaingia, au lile lile lilikuwa limegawanyika, sisi watoto hatukuelewa, na nimegundua baadaye kwamba watu wazima hawakuelewa pia. Mstari ulikuwa mrefu. Ndani ya mashini kulikuwa na muhogo wa Mama Kavugho, na siku hiyo, kwa mshangao wangu, ulikuwa mkavu wote. Unga ukajaa mfuko. Mwenye mfuko ndiye anayepaswa kuushika mdomo usimwagike, lakini hakuna aliyekuja. Unga ukaanza kumwagika juu ya miguu yetu. Papa akaushika mwenyewe, akageuka mlangoni amtafute, na akasimama hivyo hivyo, mfuko mkononi.

Nje hapakuwa na mtu. Mabeseni yalikuwa kwenye mstari wake, moja nyuma ya jingine, mengine na vitambaa juu, hakuna aliyemwibia mwenzake nafasi. Kandambili moja ilikuwa imebaki katikati ya njia. Maduka yamefungwa. Muda wote ule mji ulikuwa unapigwa risasi, watu walikuwa wanapiga mayowe na kukimbia mbele ya mlango wetu, na sisi tulikuwa ndani tunasaga.

Papa akazima mashini.

Kisha akainama, macho yake yakawa sawa na macho yangu, na akaniuliza kwa kile alichodhani ni mnong'ono: "Masika, unasikia nini?"

Nilisikiliza. Nataka uniamini, nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Nilifumba macho hata. Ilikuwa kimya, kimya kizito, cha pamba, kuna filimbi ndogo tu ambayo nilikuwa sihesabu tena kuwa sauti. "Hakuna kitu, Papa," nikamwambia usoni, midomo wazi, ili aione. "Kumetulia."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Alifunga mlango, akanishika mkono, tukatoka, weupe wote wawili kwa unga, tukashika njia ya katikati kuelekea nyumbani. Hatukutembea kwa haraka. Mama Kavugho alituona. Alikuwa amelala chini nyuma ya kibanda cha mbao na akina mama wengine watatu, na ndiye aliyenieleza baadaye nilichokuwa sisikii. Alisema risasi zilikuwa zinalia bado upande wa soko. Alisema yeye mwenyewe alituita kwa jina. Alisema wanajeshi watatu walitokea nyuma yetu, na mmoja akapiga kelele "Telema", simama kwa Lingala, na sisi tukaendelea kutembea. Akarudia. Walituita mara nne, alisema, na Papa Masika hakugeuza hata shingo, mpaka yeye pale chini akauma mkono wake.

Mimi nilichoona ni vumbi likiruka mbele ya viatu vya Papa, mara moja, dogo. Nilidhani ni jiwe limetupwa na mtoto. Nikageuka.

Mwanajeshi alikuwa tayari karibu, kijana, jasho linamtoka, na mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungwa. Maneno yake yalinifikia kutoka chini ya lile blanketi. Nilijua jambo moja la kusema, na nikalisema kwa sauti kubwa, nikionyesha sikio: "Papa hapana sikia. Ni mutu wa mashini. Hapana sikia."

Mwanajeshi akamtazama Papa, unga kwenye nyusi zake. Nadhani aliamini. Kisha akanitazama mimi.

"Na weye?" akauliza. "Weye pia hapana sikia?"

Jibu la swali lile ninalitafuta mpaka leo, miaka yote hii. Ningesema nasikia, basi kwa nini sikusimama? Ningesema sisikii, basi kwa nini nilimtoa Papa nje?

Walimhitaji mtu wa kubeba. Walikuwa na masanduku mawili, na waliyafunga mgongoni mwake kwa kamba. Papa alinitazama wakati wote wanafunga, na aliusogeza mkono wake kidogo upande wangu, kama ilivyokuwa desturi yetu, akingoja nimguse, mara moja au mara mbili. Hatukuwa na ishara ya jambo lile. Niliushika tu. Wakauondoa, wakamgeuza, wakaenda naye kwa njia ya Beni, na mimi nikabaki katikati ya barabara mpaka Mama Kavugho alipotoka akanibeba kwa nguvu, mimi mtoto mkubwa wa miaka kumi, akaniingiza nyuma ya kibanda.

Alirudi siku ya sita, kwa miguu. Nyayo zake zilikuwa zimechubuka zote na upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba. Alisema njiani wanajeshi walimwita na kumwamuru mengi ambayo hakuyasikia, na kila alichokosa kusikia alikilipia. Mama alimchemshia maji, akamwosha miguu, na maombi ya jioni ile yalikuwa mafupi kuliko yote ninayokumbuka.

Ungefikiri baada ya hapo tuliacha mashini. Hatukuacha. Wiki mbili baadaye miguu yake ilipona, mwenye mashini alituma mtu kuuliza, na nyumbani hapakuwa na unga. Tulirudi wote wawili, yeye kulia, mimi kushoto, mpaka shule ilipofunguliwa. Na wakati huo sikio langu la kushoto lilikuwa limekwisha kujifunza kunyamaza.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimdanganya Papa. Niliona kwamba nilikuwa mvivu, sikusikiliza vizuri, na kwa uvivu wangu walimchukua. Nilikuwa mtu mzima, nimehamia Beni na kuolewa, siku niliyompeleka mwanangu kliniki na muuguzi kijana akanieleza jambo dogo tu, akiwa anafikiria mengine. Alisema sikio likitoka kwenye kelele kubwa linapungua nguvu kwa saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima. Mtu anadhani mahali pametulia, kumbe ni yeye asiyesikia. Na kwamba ile filimbi ya jioni, ile tuliyoingojea iondoke, ndiyo sikio linavyoomba litolewe pale. Niliketi kwenye benchi la kliniki. Nilikuwa nimesema kweli. Nilimwambia Papa kile hasa nilichosikia. Hakuna kitu.

Nilipanda gari kwenda Butembo kumweleza. Wakati huo alikuwa hasikii kabisa, anaketi kwenye jua mbele ya nyumba na radio ambayo haijawashwa. Niliketi mbele yake, nikamshika magoti, nikamweleza yote polepole, mnong'ono wake, macho yangu niliyoyafumba, na kwa nini nilijibu vile. Alitazama midomo yangu kwa makini mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa kwa kukubali, akanipiga piga mkono, akaniuliza kama nimekwisha kula.

Sijui alichokisikia. Amekufa sasa, na siwezi kumuuliza.

Wewe unaweza kuwa huna mashini. Lakini una kanisa lenye vipaza sauti karibu na benchi lako, una fundi anayepiga vyuma, una pikipiki iliyotobolewa bomba ili ijulikane inapita, una simu na vile vidude vya masikioni ambavyo wanangu wanalala navyo. Vita havikuhitajika ili Papa awe kiziwi. Vita vilifika tu na kumkuta hivyo. Usijilaumu ikiwa umekaa kwenye kelele miaka mingi bila kujua. Sisi tulikuwa na Dokta aliyetuambia, na bado hatukuwa na njia. Wewe pengine njia unayo, na si ngumu. Kelele yoyote ile, ipunguze, au sogea mbali nayo, au jizibe vizuri, au kaa nayo muda mfupi. Mtoto akikuambia sikio lake linapiga filimbi, mtoe mahali pale siku ile ile.

Na kama hujui kelele ni kubwa kiasi gani, fanya hivi: mwambie mtu asimame mbele yako, mbali kwa urefu wa mkono ulionyooshwa, kisha sema naye kwa sauti yako ya kawaida. Ukilazimika kupiga kelele ili akusikie, tokeni hapo wote wawili.